Namna ya Kumpima Fundi wa Kiyoyozi cha Gari la Zamani

Katika miezi ya Januari na Februari, jua la Korogwe linapowaka tangu asubuhi, na vumbi la njia za vijiji vya Kwaluguru linapomlazimu dereva kufunga vioo vyote, mwenye gari la zamani lililoacha kutoa ubaridi hakosi watu wa kumwambia kuwa kompresa imekufa. Nami niliyekaa miaka mingi karibu na magari ya namna hiyo, hususan Mercedes za W123 zilizozinduliwa mwaka 1976, nina yakini kwamba katika gari zima hakuna chombo kinachosingiziwa kama hicho. Basi atakaye kumjua fundi bora na aitazame mikono yake kabla haijagusa mtungi wa gesi, kwa kuwa anayeanza kwa kujaza gesi ametoa dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa.

Fundi mahiri huanza na masikio. Huwasha injini, akaacha kiyoyozi kimezimwa, kisha huinamia puli ya kompresa na kusikiliza. Puli huzungushwa na mkanda daima, ubaridi utakiwe au usitakiwe. Kwa hiyo mkwaruzo unaosikika wakati huo ni wa beringi ya puli, ambayo aghalabu hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Baada ya hapo huwasha kiyoyozi, naye hungoja mlio mmoja mkavu wa klachi ya kompresa inaposhika. Mlio usipokuja, haihukumu kompresa bado, bali huutafuta umeme kwenye fyuzi, kwenye waya na kwenye swichi inayokata klachi gesi inapopungua. Klachi ikishika na papo hapo ukazuka mgongano wa chuma usiokuwapo kwanza, ndipo mashaka yanapoielekea kompresa yenyewe. Akiisha kuzima injini, hushika sahani ya mbele ya klachi na kuizungusha kwa mkono: iliyo nzima huzunguka kwa uzito ulio sawa, iliyoharibika hukwama, au hukwaruza kama iliyotiwa mchanga, au hulegea kabisa kama isiyosukuma kitu.

Baada ya masikio na mikono huja macho, na hapa nchi yetu humsaidia fundi. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi ndani ya mabomba, hata panapovuja gesi, oili nayo hutokeza, na vumbi letu jekundu hunasa hapo hapo. Kompresa ya R4 ya General Motors, iliyofungwa katika nyingi za W123, ina sifa mbaya ya kuvuja kwenye sili ya mbele; nyuma ya klachi yake utaona pete ya tope jeusi, na pengine mstari wa matone yaliyorushwa hadi chini ya boneti. Fundi mwenye subira hulifuta tope hilo kwa kitambaa, akamwambia mwenye gari arudi baada ya siku tatu, ili aone kama linafanyika tena na mahali gani.

Geji ni za mwisho, na wengi huzisoma vibaya. Injini ikiwa imepoa, katika joto la nyuzi 30, mishale yote miwili husimama karibu na ratili 95 kwa inchi ya mraba, gesi iwe nyingi au kidogo, maadamu ndani yake mna kimiminiko kilichosalia. Anayekisia kiasi cha gesi kwa kipimo hicho anakisia joto la mchana. Ukweli hupatikana injini ikiwa inazunguka. Kompresa iliyochakaa huonyesha mshale wa chini usiokubali kushuka na wa juu usiokubali kupanda, na kiyoyozi kikizimwa mishale hiyo hukutana upesi. Yote miwili ikiwa juu mno, kaosheni kondensa, maana vumbi limeiziba.

Na fundi asipouliza gari limejazwa gesi gani, mwondokeeni. Magari haya yaliundwa kwa R12, ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliifungia njia. Mengi sasa hutumia R134a, wala oili ya madini ya zamani haichanganyiki na gesi hiyo, bali hukwama mabombani na kuiacha kompresa ikijisaga.

Niliishuhudia ajali hiyo Korogwe, katika gari la mzee mmoja aliyekwisha kujaziwa gesi mara tatu kwingineko. Kijana aliyelipokea alifungua bomba, akadondosha oili kwenye kitambaa cheupe na kukipeleka juani: oili ilikuwa nyeusi, na ndani yake mlimeta chembe za chuma ndogo kama magamba ya dagaa.

“Shikamoo tena, mzee wangu,” alisema kwa upole, “hii imekufa kweli. Lakini chembe hizi zimekwisha kutapakaa hadi kwenye kondensa. Nikifunga kompresa mpya bila ya kuosha mabomba yote na kubadili chupa ya kukaushia, itakufa hivi hivi. Nipe siku mbili.”

Mzee alikitazama kile kitambaa kwa muda, kisha akampa funguo.