Uteuzi kama Uhakiki: Santuri ya Legend ya Bob Marley

Anayekusanya tungo za malenga aliyefariki huwa, apende asipende, mhakiki wake. Ndivyo ilivyo kwa Legend, mkusanyiko uliotolewa mwaka 1984, miaka 3 baada ya kifo cha Bob Marley. Kati ya nyimbo zake 14, za mapenzi na faraja zimepewa nafasi kubwa. Kutoka Survival (1979), santuri iliyobeba dhamira ya ukombozi wa Afrika, haukuteuliwa hata wimbo mmoja. Hivyo basi, "Zimbabwe", ambao Marley aliuimba katika sherehe za uhuru wa nchi hiyo Aprili 1980, haumo.

Je, mvuto wa kudumu wa mkusanyiko huu umetokana na kumnyamazisha mwanamapinduzi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini jibu hilo halitoshi. "Get Up, Stand Up" umo. "Redemption Song" pia umo, na humo sauti inaandamana na gitaa moja tu, bila ngoma. Fani imepunguzwa ili maudhui, ambayo kwa sehemu yamechotwa katika hotuba ya Marcus Garvey ya mwaka 1937, yasikike waziwazi. Msikilizaji aliyevutwa na mahaba hukutana na wito wa ukombozi bila kujiandaa. Sauti inayobembeleza na sauti inayodai haki ni moja, na hakuna uteuzi unaoweza kuzitenga kabisa. Kwa hiyo mhakiki na aanzie kwenye Legend, ila asiishie hapo. Survival ingali inamngoja.