Fundi Bora Hujulikana Kabla ya Kushika Spana

Injini ya tabo ikianza kumisi, yaani silinda moja ikashindwa kuchoma mafuta kwa zamu yake, msikilize fundi kwanza. Aliye bora ataanza kwa kuuliza: "Inamisi wakati gani?"

Gari linalotetemeka likiwa limesimama na lile linalokatakata likipanda mlima hayana ugonjwa mmoja. Tabo ikisukuma hewa, shinikizo ndani ya silinda hupanda, na cheche hupata shida kuruka mwanya wa plagi. Plagi iliyochakaa au koili iliyochoka itajificha mjini, iumbuke mlimani.

Kisha mtazame akisoma mashine ya kupimia hitilafu. Kodi ya hitilafu P0303 inasema silinda ya tatu inamisi. Haisemi kwa nini. Mbahatishaji atakuagiza ukanunue koili. Mjuzi atahamishia koili ya silinda ya tatu kwenye silinda ya kwanza, afute kodi, aliendeshe gari. Ikija P0301, koili imejitaja. Ikibaki P0303, atahamisha plagi, kisha ageukie nozeli. Hadi hapo hujanunua kitu.

Plagi akizitoa, azisome. Masizi makavu, meusi, yanaonyesha mafuta yamezidi hewa: huenda mpira unaotoka kwenye tabo umepasuka, na hewa ambayo sensa imeshaihesabu inavujia njiani. Plagi iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili.

Hayo yakipita salama, lazima apime kompresheni ya silinda zote, injini ikiwa na joto, na akuandikie namba. Kinachotafutwa hapo ni usawa. Wanaozijua Subaru za tabo zenye injini ya EJ25 huitazama kwa makini silinda ya nne, kwa kuwa pistoni yake inajulikana kwa kuvunjika kingo zinazoshika ringi. Ikiwa silinda moja iko chini sana ya wenzake, koili mpya haitaiponya.

Nawe una wajibu. Taa ya injini ikianza kumweka, usiendelee na safari: mafuta yasiyoungua yanakwenda kuwakia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi na kuyaharibu. Na fundi akitumia saa mbili kupima bila kufunga kipuri chochote, mlipe saa hizo. Tukikataa kulipia upimaji, tunamlazimisha fundi aishi kwa kutuuzia vipuri tusivyovihitaji.