Tajiri mmoja mezani, wanne tunafaidi

Kuna michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ambapo kila mchezaji anapewa pointi sawa, kisha ananunulia nguvu, akili, ujuzi, hata utajiri wa mhusika wake. GURPS wa Steve Jackson Games, uliotoka mwaka 1986, ni mfano maarufu. Likizo iliyopita tuliucheza Kasulu, watu wanne, wawili wametoka Kibondo. Nikabaki na swali: bei ya utajiri ni ya haki kweli?

Tuangalie toleo la nne, la mwaka 2004. Ukilipa pointi 10 unaanza na mali mara 2 ya mtu wa kawaida. Pointi 20, mara 5. Pointi 30, mara 20. Pointi 50, mara 100! Yaani bei inapanda kwa kujumlisha, mali inapanda kwa kuzidisha. Inaonekana kama wizi, ila ina mantiki. Daniel Bernoulli alieleza mwaka 1738 kwamba kiasi kilekile cha fedha humfaa maskini kuliko tajiri. Panga la kwanza linaokoa maisha. La mia linaota kutu.

Sasa, hesabu hiyo ni ya mtu mmoja. Sisi tuko wanne, na panga la pili anapewa rafiki. Wote tukilipa pointi 10, tunatumia 40 na kupata mali mara 8. Mmoja akilipa 50 peke yake, kikundi kina mara 103. Halafu anayechagua umaskini anarudishiwa pointi 15, anaziweka kwenye nguvu, na tajiri anamnunulia silaha. Umaskini wa jina tu! Kitabu kinashauri mhusika mwenye makazi aweke asilimia 80 ya mali kwenye nyumba na maisha ya kawaida. Sawa, lakini asilimia 20 ya mara 100 bado ni mara 20.

Kwetu Buha, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, mali haikuhama kimya hivyo. Katika ubugabire, mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na aliyepokea akawa na deni la kazi na utii. Sisemi ulikuwa utaratibu wa haki. Nasema ulionyesha wazi kwamba kupokea kuna gharama.

GURPS una vipengele vya ufadhili na wajibu, ila vinauzwa mbali na jedwali la mali. Hapo ndipo kasoro ilipo. Kupandisha bei ya utajiri kutamwumiza tu anayetaka kuigiza mfanyabiashara. Afadhali kila zawadi kubwa iandikwe kama wajibu kwenye karatasi ya aliyepokea, bila kumrudishia pointi. Tajiri akiita, unakwenda. Tukikutana tena Kasulu tutajaribu hivyo, na safari hii maskini wetu atafikiri mara mbili kabla ya kusema asante.