Singa si Unga: Fani ya Plastiki Inayooza

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania, tarehe 1 Juni 2019, plastiki inayooza imehakikiwa zaidi kwa maudhui: imetokana na mmea gani, itaoza lini. Fani yake, yaani umbo na mpangilio wa vilivyomo, husomwa kwa nadra, na humo ndimo inamoamuliwa thamani ya mabaki ya mashamba ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa na nyama ya jani, singa inayopatikana haizidi sana asilimia 4 ya uzito wake. Mengine ni maji, nyama ya jani na singa fupi zilizoponyoka. Hale, wilayani Korogwe, mabaki hayo yaliwahi kulishwa mtambo wa gesi ya kufua umeme. Handeni kuna magunzi ya mahindi. Singa hizo fupi na magunzi hayo vinaweza kuchanganywa na PLA, plastiki itokanayo na sukari ya mimea, ambayo ni ghali na huvunjika upesi. Lakini kazi zake ni mbili tofauti.

Gunzi lililosagwa hupunguza gharama na kuikaza plastiki; ikivutwa, ufa huzizunguka chembe na kusonga mbele. Singa ina urefu, na urefu ndio fani yake. Ufa ukiifikia, mvuto hugawanyika katika uzi mzima, na sharti singa ikatike au ichomoke kwanza. Mzigua wa Handeni aliyejenga nyumba ya fito na udongo hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana inaniuma kuona singa ikisagwa na kuhesabiwa kijazio.

Kisha tuusome mshono kati ya singa na plastiki. Singa hupenda maji, PLA huyakataa, kwa hiyo zinapokutana hubaki mianya. Watafiti huiosha singa kwa sodiamu haidroksidi: nta hutoka, uso hukwaruzika, plastiki hupata pa kushika. Dawa ikizidi, singa yenyewe hudhoofika. Joto nalo halina nafasi kubwa: PLA huyeyuka kwenye takribani sentigredi 170, na singa huanza kuharibika ikipita 200.

Wengi huhesabu mianya hiyo kuwa kasoro tupu. Sikubaliani nao. Maji yanayopenya humo husaidia kukata minyororo ya PLA, ambayo peke yake huhitaji joto la karibu sentigredi 60 ili ioze upesi, joto ambalo udongo wa shamba haulifikii. Kwa hiyo singa ya sahani ioshwe barabara. Kiriba cha miche kinataka singa fupi iliyooshwa kidogo, kishike hadi siku ya kupanda, kisha kianze kuachia.

Ripoti inayotaja kiasi cha mabaki yaliyotiwa, ikanyamaza kuhusu urefu wa singa, mwelekeo wake na namna ilivyooshwa, haijatuambia bado ni plastiki gani iliyotengenezwa.