Kusoma Nyayo za Wanyama kwenye Makorongo ya Dodoma

Ubora wa unyayo huanza na ardhi iliyoupokea. Katika uwanda wa kati, ambako mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili na miezi mingine ni kiangazi kikavu, ardhi bora ni ya makorongo. Mto kama Bubu ukishakauka huacha vitanda virefu vya mchanga ambavyo wanyama hukatiza kila usiku. Mchanga mkavu na mzito hauaminiki: huporomoka mguu unapoinuka tu, na kinachobaki ni shimo lisilo na umbo. Unaofaa ni ule wenye unyevu kidogo chini na vumbi jembamba juu. Huo hushika hata mikunjo ya ngozi ya wayo wa tembo. Tope la kando ya bwawa nalo ni zuri likiwa limeanza kukaza. Likiwa laini mno vidole hutanuka, na mguu wa kawaida huonekana wa dume kubwa. Kule Laetoli, Ngorongoro, majivu ya volkano yaliyolowa mvua yalifanya kazi hiyohiyo ya tope zuri. Nyayo za watembeao kwa miguu miwili zilizogunduliwa humo mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey zina umri wa takriban miaka milioni 3.6.

Saa ya kusoma ni mapema asubuhi, jua likiwa chini. Msomaji husimama mahali ambapo unyayo uko kati yake na jua, ili kila ukingo udondoshe kivuli chake. Saa sita mchana unyayo uleule huonekana kama mchanga uliovurugika tu.

Kwa wanyama wala nyama, wengi hukimbilia kutazama kucha. Ni kweli kwamba simba na chui hutembea wakiwa wamezificha, na fisi na mbwa huziacha zionekane. Lakini vumbi jingi humeza alama za kucha, na duma, ingawa ni wa jamii ya paka, huziacha wazi. Kipimo imara zaidi ni umbo la kiganja. Cha simba na chui kina mabonde mawili kwa nyuma, yanayokigawa katika vifundo vitatu. Unyayo wa fisi una vidole vinne vilivyobanana na kiganja kilichopinda upande mmoja, na mguu wake wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Nyegere hutambulika kwa vidole vitano na kucha ndefu za mbele, ambazo hutoboa mchanga mbali na vidole vyenyewe.

Wenye kwato ndio hasa wanaowapotosha wasomaji wa Dodoma, kwa sababu mifugo hupita njia zilezile. Ukwato wa swala pala umechongoka mbele. Wa mbuzi ni butu zaidi. Punda na pundamilia wote wana ukwato mmoja usiopasuka, na unyayo mmoja pekee hautoshi kuwatenganisha kwa uhakika. Hapo hutazamwa mambo ya pembeni: kama kuna nyayo za mtu nyuma yake, kama njia inaelekea kisimani au inapotelea vichakani. Digidigi hana shida hiyo. Ukwato wake hauzidi sana upana wa kidole gumba, na karibu yake mara nyingi kuna lundo la vinyesi vidogo, kwa kuwa hurudi kujisaidia palepale.

Katika mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero, tembo ndiye anayesema mengi. Mguu wa mbele ni mviringo, wa nyuma ni mrefu kama yai. Kamba ikizungushwa kwenye ukingo wa unyayo wa mbele kisha urefu wake ukazidishwa mara 2, hupatikana kimo cha begani kwa makadirio mazuri: mzingo wa sentimita 125 ni wa tembo wa karibu mita 2.5.

Umri wa unyayo ndio unaomtofautisha fundi na mwanagenzi. Ukingo mkali na mchanga mweusi wa unyevu uliofukuliwa ni dalili ya upya, ila upepo na jua hubadilisha haraka, kwa hiyo fundi hutafuta ushahidi wa wengine. Vijinjia vya wadudu wa usiku vikikatiza ndani ya unyayo, mnyama alipita kabla yao. Nyayo za njiwa wa asubuhi zikiwa juu yake, alipita kabla hawajashuka kunywa.

Wasandawe wa Chemba, waliowinda kwa mishale ya sumu, walilazimika kumfuata mnyama aliyejeruhiwa mpaka sumu ifanye kazi, mara nyingi juu ya mawe na nyasi. Katika ufuatiliaji wa namna hiyo hutazamwa mfululizo mzima: urefu wa hatua, mguu unaoburuzwa, jani lililogeuzwa upande wake mweupe. Njia ikipotea, fundi mzuri haendelei kwa kubahatisha. Huchomeka kijiti kwenye unyayo wa mwisho alio na hakika nao, hupima kwa macho umbali wa hatua inayofuata, kisha huzunguka polepole kutoka hapo bila kukanyaga mstari wenyewe, mpaka aupate tena.