Sikiliza Kwanza Kimya Chake

Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, saa kumi na moja alfajiri. Wavuvi wanarudi na taa zao, injini zimezimwa kabla ya kufika ufukoni, na kinachobaki ni maji yakigonga mbao za mitumbwi, mtu akikohoa, kokoto zikiviringika chini ya wimbi dogo. Hapo ndipo ninapopimia kinasa sauti. Dukani muuzaji atakuambia useme "moja, mbili, tatu", kisha akurudishie sauti yako kupitia spika ndogo ya mashine. Hakuna kinasa sauti kinachoshindwa kunasa moja, mbili, tatu.

Fanya hivi. Pandisha kiwango cha kunasa hadi karibu na mwisho, weka mashine juu ya jiwe, usiiguse, nyamaza dakika mbili. Kisha vaa hedifoni, kaske kama tusemavyo huku, zile zinazofunika sikio zima, usikilize ulichonasa. Mashine hafifu itakupa "shhh" isiyokoma, kama mchanga laini unaomiminwa juu ya karatasi, na ziwa litakuwa limefunikwa nyuma yake. Mlio huo haukutoka majini. Umezaliwa ndani ya mashine yenyewe, kwenye kikuza sauti kinachopokea umeme hafifu kutoka kwenye mikro na kuuongeza mara mamia, hata elfu. Kikuza sauti kikiwa cha bei rahisi, kinaongeza na takataka zake. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza, na mashine ikianguka hapa sina haja ya kuendelea nayo.

Zoom H4n, iliyotoka mwaka 2009, ni mfano mzuri wa jambo hili. Ni mashine imara, ina matundu mawili ya kuchomeka mikro kubwa, na inaweza kuzilisha umeme wa volti 48. Lakini vikuza sauti vyake vya toleo la kwanza vina kelele ukivipandisha. Mbele ya kwaya ya watu arobaini hutaisikia, maana kwaya inaifunika. Mbele ya bibi anayesimulia kwa sauti ya chini saa tatu usiku, utaisikia mpaka mwisho wa hadithi. Sony PCM-D50 iliitangulia, na haina tundu hata moja la mikro kubwa, ila kimya chake ni safi zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza mashine ipi ni nzuri, namuuliza kwanza anakwenda kunasa nini.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe. Biti 24, kilohezi 96: namba hizo zinapima ukubwa wa kapu, hazikuambii samaki aliyemo. Sikio la kijana mwenye afya hufika kilohezi 20 tu, na kilohezi 48 zinatosha kabisa kuchukua hadi hapo. Biti 24 zina faida ya kweli, kwa sababu zinakuruhusu kunasa kwa kiwango cha chini bila hofu, na kupandisha baadaye. Hata hivyo, haziwezi kukiponya kikuza sauti chenye kelele. Vivyo hivyo mashine mpya zinazonasa kwa biti 32, kama Zoom F3 ya mwaka 2022. Zinakuokoa mtu anapopiga kelele ghafla, lakini "shhh" iliyomo ndani itabaki ilivyo.

Kipimo cha pili nakifanya jua likishapanda, mahali wanawake wanapoanika ndagala, wale samaki wadogo. Zikishakauka na mama akazigeuza kwa mikono, hutoa mchakacho mwembamba sana, maelfu ya vijisauti vikavu vinavyogongana, kila kimoja peke yake. Nanasa mara mbili kwa mashine ileile: kwanza WAV, kisha MP3 ya kilobiti 128. Kwenye WAV unaweza karibu kuhesabu samaki. Kwenye MP3 mchakacho unageuka kuwa mafuta yanayokaangwa, sauti moja iliyopakwa juu ya nyingine, kwa kuwa programu imetupa ilichodhani sikio halitakihitaji, na kwa kawaida imekata karibu vyote vilivyo juu ya kilohezi 16. Ukiwa mbali na ufuko, tikisa fungu la funguo mbele ya mikro. Utapata jibu lilelile.

Wanaonasa kwa MP3 husema wanahifadhi nafasi. Hesabu yenyewe ni hii: WAV ya stereo, kilohezi 48 na biti 24, hula megabaiti 17 hivi kwa dakika, yaani gigabaiti moja kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 itakuchukulia saa thelathini au zaidi. Jihadhari tu na kadi bandia, zilizoandikwa 64 nje huku ndani zikiwa na 8. Ijaze kadi mpya yote nyumbani, kisha uyasikilize mafaili ya mwisho, kabla hujapanda nayo milimani.

Kwa lugha zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kifuliiru ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mwaka 2011 Karen na Roger Van Otterloo walichapisha sarufi ya Kifuliiru ya juzuu mbili, na toni ina nafasi kubwa katika juzuu ya kwanza. Anayenasa wazee wa bonde la Ruzizi anahitaji mashine inayotunza vyote viwili, wimbo wa neno na ncha za konsonanti. Wimbo hubaki hata kwenye simu mbovu. Konsonanti ndizo zinazopotea mapema, hasa s, f na sh, maana zinaishi juu, mahali palepale pa mchakacho wa ndagala.

Upepo ni adui ambaye hapa Uvira huwezi kumkwepa. Mchana unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milima ya Mitumba, na kiangazi ule wa kusini huvuma siku nzima. Sponji nyeusi inayokuja na mashine inasaidia ndani ya nyumba tu. Ufukoni unahitaji kifuniko cha manyoya marefu, na fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea kwa kitambaa cha blanketi la manyoya, mradi hewa ipite. Puliza kwa kinywa ukiwa umbali wa mkono mmoja. Ukisikia mshindo mzito, bado. Kichujio cha besi kitapunguza mshindo huo, lakini kitakula na tumbo la ngoma, kwa hiyo mbele ya ngoma mimi nakizima na kutafuta ukuta wa kujikinga.

Hugh Tracey, aliyezunguka Kongo, Rwanda na Burundi mwaka 1952 akinasa muziki, alihitaji gari zima na jenereta. Mikro aliishika mwenyewe, akaisogeza kuelekea kwa mwimbaji au kwa ngoma kadiri muziki ulivyokwenda. Maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954 bado inatunza kazi hizo. Leo tuna mashine inayoingia mfukoni, na watu wanaiacha juu ya spika kanisani, kisha wanalaumu mashine! Isogeze. Shubiri mbili kutoka kinywani, pembeni kidogo ili p na b zisipige mikro moja kwa moja. Hatua nne au tano mbele ya kwaya. Na ukiichomeka kwenye umeme wa ukutani au wa jenereta, sikiliza kama kuna mvumo mzito wa hezi 50 chini ya sauti. Ukiusikia, chomoa na utumie betri.

Kuna kitufe kimoja ambacho ningependa kila mtu akizime siku ile anayonunua mashine. Kwenye Zoom H1 kipo mgongoni, kitelezo kidogo kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba kiwango kitajipanga chenyewe. Mtu akinyamaza, mashine inapandisha kiwango, na kelele za nyuma zinafurika kama maji ya mto. Kelele kubwa ikipita, inashusha kila kitu, na inachukua muda kurudi. Panga kwa mkono: mwambie msimulizi aongee kwa nguvu yake ya kawaida, na mshale ucheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Miaka kadhaa iliyopita nilimnasa mzee mmoja nje ya nyumba yake, mtaa wa juu, karibu na barabara. Kitelezo kilikuwa kimewashwa, na sikuwa nimevaa kaske. Alikuwa akitaja mito ambayo babu zake waliivuka wakishuka kutoka milimani, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Pikipiki ikapita, mashine ikajishusha, na kwa sekunde mbili sauti yake ikazama chini ya kelele. Mto wa tano uko ndani ya sekunde hizo. Mzee amekwishafariki. Nimelisikiliza faili hilo kwa hedifoni tatu tofauti: toni naisikia, chini, juu, chini. Konsonanti hazipo.