Samaki wa Kuwambwa na Mzigo wa Neno "Kuhifadhi"

Istilahi hupimwa kwa mambo mengi: ufupi wake, wepesi wake kinywani, na namna inavyokubali viambishi vya lugha. Lakini kipo kipimo kilicho kikubwa zaidi, nacho ni hiki: je, msomaji akilitenda lile alilolisoma, atapata matokeo aliyoyakusudia mwandishi? Kwa kipimo hicho tunapenda kulichunguza neno "kuhifadhi" litumikapo kwa samaki.

Tumeletewa karatasi ya maelekezo kutoka Soweto, mjini Moshi. Imefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri hakujitaja. Inaeleza namna ya kumtunza samaki aliyevuliwa ili baadaye atengenezwe na kutundikwa ukutani, aonekane kama yu hai. Kijana aliyeileta alikuwa amepata kambale mkubwa kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mji huo. Sentensi ya kwanza ilimwagiza amhifadhi samaki wake mara moja. Naye akamhifadhi kama alivyoona nyumbani kwao: akampasua, akamtoa matumbo, akampaka chumvi na kumwanika juani. Onyo la kutompasua lilikuwa upande wa pili wa karatasi. Hatuwezi kumlaumu kijana, kwani alilifahamu neno kama wengi wetu tunavyolifahamu.

Tutazame mzigo ambao neno hili limekwisha kutwishwa. Mwanachuoni huhifadhi Kurani moyoni. Mama huhifadhi perege kwa kumbanika juu ya moto. Mwenye duka huhifadhi samaki katika barafu. Mtaalamu wa maabara huhifadhi samaki ndani ya chupa ya formalini. Tena tunayo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, ambamo samaki huhifadhiwa kwa kuachwa waogelee. Kwa hiyo mmoja ameliwa, mwingine hafai kuliwa kabisa, na wa tatu hakuvuliwa. Wote watatu "wamehifadhiwa".

Kazi inayoelezwa na karatasi ya Soweto ina taratibu zake. Samaki apigwe picha angali mbichi, kwa kuwa rangi zake hufifia mara baada ya kufa. Apimwe urefu na mzingo wa kiwiliwili. Asitumbuliwe wala asishikwe kwa matamvua. Mapezi yalazwe ubavuni, mwili uviringishwe kitambaa kilicholowa maji, utiwe katika mfuko wa plastiki na kugandishwa. Fundi ndiye atakayempasua, tena kwa ubavu ule utakaoelekea ukutani. Ataichuna ngozi, ataikwangua nyama, ataitia boraksi, kisha ataivika juu ya kiunzi. Ikikauka, ataipaka rangi upya na kutia jicho la kioo. Hakuna hatua hata moja katika hizo inayodokezwa na neno "kuhifadhi".

Historia inatufunza kwamba jambo hili si la mapambo tu. Mnamo Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, alivuliwa silikanti, samaki wa jamii iliyodhaniwa kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mtunzaji wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, hakupata formalini ya kutosha kwa samaki mkubwa kiasi hicho, wala mahali pa baridi pa kumweka. Samaki akapelekwa kwa fundi wa ngozi, na viungo vya ndani vilivyooza vikatupwa. Mtaalamu J. L. B. Smith alipofika mwaka 1939, aliikuta ngozi iliyotengenezwa. Matumbo ambayo sayansi iliyahitaji yalikwisha potea. Silikanti wa pili alipopatikana Komoro mwaka 1952, ilibidi kwanza atiwe chumvi, ndipo formalini ilipopatikana akatiwa hiyo. Hapo tunaona wazi kazi mbili zilizo mbali: ya kwanza huokoa sura, ya pili huokoa mwili mzima kwa uchunguzi. Tangu mwaka 2003 silikanti wameopolewa katika maji ya Tanzania pia. Mvuvi anayeambiwa "mhifadhi" anastahili kujua ni kwa njia ipi.

Lipo na jambo lililo zito zaidi. Karatasi hiyo, ikifika kwenye formalini, inaiita "dawa ya kuhifadhia". Neno "dawa" kwetu hubeba tumaini la kuponya. Formalini ni sumu. Huchoma macho na koo, na nyama iliyoingiwa nayo haifai kwa mtu wala kwa mnyama. Ndoo yenye maandishi "samaki waliohifadhiwa kwa dawa" yaweza kumwingiza mtoto jikoni nayo. Tunashauri kitu hicho kitajwe kwa jina lake, yaani "samaki wa formalini", na neno "sumu" liandikwe kando yake.

Je, kazi yenyewe iitweje? Wengi husema "kujaza". Neno hili lina kasoro mbili. Kwanza, samaki hajazwi kama mto wa kulalia. Ngozi yake huvikwa juu ya kiunzi kilichochongwa kwa vipimo vyake. Pili, mpishi akisikia "samaki wa kujazwa" atafikiria nazi na pilipili. Sisi tunapendekeza "kuwamba". Mswahili huiwamba ngozi juu ya mzinga wa ngoma, huivuta na kuiacha ikauke hapo. Ndivyo afanyavyo fundi huyu. Kutokana nalo tutapata "uwambaji" kwa ufundi wenyewe, "mwambaji" kwa mtendaji, na "samaki wa kuwambwa" kwa kilichotengenezwa. Yule wa bandia anayemiminwa kwa vipimo na picha, wakati samaki wa kweli amerudishwa majini, aitwe "samaki wa kalibu".

Tunakiri kuwa pendekezo letu lina udhaifu. Kuwamba hudokeza kitu kilichotandazwa na kukazwa, na huenda mtu akamdhania samaki wa kuwambwa kuwa ni ng'onda. Hata hivyo ng'onda ana jina lake tayari, na lugha yenye majina mawili kwa vitu viwili haina sababu ya kuvichanganya.

Mteremkoni juu ya Moshi kipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho hufundisha kwa Kiingereza. Mhitimu wake anaposhuka kuzungumza na wavuvi wa Nyumba ya Mungu, hana budi kuwa na maneno yanayotofautisha kubanika, kugandisha, kutia formalini na kuwamba. Neno "kuhifadhi" tusilifukuze. Libaki kuwa jina la jumla juu ya kabati, na kila mtoto wa meza awe na jina lake.

Tunawaomba wasomaji, hasa wavuvi na mafundi wa ngozi, watuletee maneno wayatumiayo kazini mwao. Iwapo lipo lililo bora kuliko "kuwamba", tutaliondoa letu kwa furaha.